Goti linapouma katika umri wa makamo: Tuache kukimbia?

Kwa miaka kadhaa sasa, baada ya swala ya Alfajiri, kikundi chetu hutoka msikitini na kukimbia taratibu kabla jua halijapanda. Wengi wetu tumevuka miaka 45. Tulianza kwa kuhofia kisukari na shinikizo la damu, maradhi ambayo yamebisha hodi karibu katika kila nyumba yetu, na alhamdulillah, faida tumeiona.

Baada ya Ramadhani iliyopita, mmoja wetu alianza kuumwa goti. Halikumsumbua sana akikimbia. Lilimsumbua akishuka ngazi na akiinuka kutoka kwenye sijda. Alinyamaza, akameza vidonge vya kutuliza maumivu, akaendelea kukimbia. Aliyemgundua ni mkewe, alipomwona akishika ukuta ili ainuke baada ya tahiyatu. Akamwambia, "Baba Nasra, kama goti linakataa kusujudu, hizo mbio unamkimbilia nani?"

Swali hilo lilitugusa sote. Wako waliomshauri aache kabisa, kwa kuamini kuwa mbio humaliza magoti. Wako waliomwambia ajikaze. Tulipomsindikiza kwa daktari, tulibaini kwamba pande zote mbili tulikosea.

Gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa ndani ya goti, haina mishipa ya damu. Hupata lishe yake kutokana na majimaji ya kwenye kiungo, nayo huyafyonza kila inapobanwa na kuachiwa, mfano wa sifongo. Kwa hiyo goti huhitaji mwendo. Tafiti nyingi hazikuona kwamba watu wanaokimbia kwa kiasi, kwa ajili ya afya tu, huharibikiwa magoti kuliko wanaoshinda wamekaa. Linaloumiza zaidi ni kuzidisha mzigo ghafla. Ndivyo alivyofanya mwenzetu: alipumzika mwezi mzima, misuli ikalegea, kisha Shawwal ilipoingia akarudi kwenye masafa yale yale na kuyaongeza.

Daktari alimuuliza maswali matatu. Je, goti huvimba? Je, hukwama likashindwa kunyooka? Je, hulegea ghafla kana kwamba litamwangusha? Mwenye kujibu "ndiyo" hata kwa moja asimamishe mbio mpaka apimwe. Na goti lenye joto na wekundu, likiambatana na homa, ni la kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa mwenzetu majibu yote yalikuwa hapana. Akapewa kipimo rahisi: maumivu madogo yanayotulia kabla ya asubuhi ya pili huvumilika, yanayozidi kadiri anavyokimbia, yanayomfanya achechemee, au anayoamka nayo kesho yake, yanamtaka apunguze.

Alikatazwa kumeza vidonge ili apate kukimbia. Dawa kama diklofenaki huficha maumivu ambayo ndiyo onyo lenyewe, na zikitumiwa ovyo huweza kudhuru tumbo na figo na kupandisha shinikizo la damu. Badala yake alipewa mazoezi ya misuli ya paja: kuketi kitini na kuinuka bila kushika kitu, na kulala chali akiuinua mguu ulionyooka. Aliambiwa pia apunguze uzito, kwani imeonekana kwamba kilo moja inayopungua mwilini huliondolea goti mzigo wa takriban kilo nne katika kila hatua.

Kuhusu swala, dini yetu ni nyepesi. Hadithi ya Imran bin Huswayn, aliyoipokea Bukhari, inamruhusu asiyeweza kusimama aswali kwa kukaa. Lakini ruhusa ya mgonjwa si kisingizio cha kuupuuza mwili ambao tumepewa kama amana.

Leo mwenzetu hutembea kwa haraka siku tatu kwa wiki na kukimbia mbili, tena masafa mafupi. Sisi tuliobaki tumejifunza kumsubiri, na hilo halikuwa rahisi, maana watu wazima nao hushindana. Goti lake halijapona kabisa, na pengine hatarudi kwenye kasi ya zamani. Ila wiki iliyopita, katika swala ya Alfajiri, tulimwona akiinuka kutoka kwenye sijda bila kushika ukuta.

Mwenyezi Mungu atupe afya, na atupe busara ya kuitunza. Amin.