Doa la Mionzi katika Ini: Viputo Hufyonzwa au Humezwa?

Makala haya yananuia kufafanua kwa Kiswahili jambo ambalo aghalabu huelezwa kwa Kiingereza: jinsi tiba ya mionzi inavyobadilisha picha ya ini ipigwayo kwa mawimbi ya sauti. Huenda msomaji akauliza mwanafunzi wa fasihi anatafuta nini humo. Anatafuta neno. Mgonjwa wa Shinyalu akiambiwa na daktari kuwa ini lake “lina doa”, hilo ndilo neno atakalorudi nalo nyumbani, na jamaa zake watalifasiri kuwa saratani imerejea.

Ili picha ibainike, mgonjwa hudungwa mshipani dawa ambayo hapa tutaiita kibainishi. Kwa hakika ni viputo vya gesi. Sonazoid, iliyoanza kutumiwa Japani mwaka 2007, ina viputo vyenye upana wa takribani mikroni 2 hadi 3, vidogo kuliko chembe nyekundu za damu; utando wake umetengenezwa kwa mafuta ya kiini cha yai. Katika dakika ya kwanza viputo husafiri na damu na kuonyesha mishipa. Baada ya dakika 10 hivi, vingi huwa vimekwisha kunaswa na seli za Kupffer, askari wa ini walao takataka za damu. Karl Wilhelm von Kupffer, aliyezieleza mwaka 1876, aliziita seli za nyota kwa sababu ya umbo lake. (Vibainishi vyote havifanani: viputo vya SonoVue hubakia zaidi ndani ya mishipa.)

Istilahi “ufyonzaji” ndiyo hutujia kwanza, nami naipinga. Sifongo hufyonza maji ilhali haina uhai. Seli hizi hunyakua na kumeza, na uhai wake ndio kiini cha suala letu. Mionzi inayoelekezwa kwenye uvimbe hupitia pia sehemu nzima za ini na kuzijeruhi seli za Kupffer. Zilizojeruhiwa hazimezi ipasavyo. Sehemu hiyo hukosa viputo na kuonekana nyeusi.

Utata unazuka hapo. Uvimbe mwingi wa saratani ya ini nao una uhaba wa seli hizo, kwa hiyo nao huwa mweusi. Weusi ni mmoja, maana ni mbili. Mtaalamu huzitenganisha kwa kutazama mpaka, kwani athari ya mionzi hufuata njia ya miale na mara nyingi huwa na kingo zilizonyooka, ilhali uvimbe huelekea kuwa wa mviringo. Hurejelea pia picha za dakika ya kwanza, pamoja na rekodi ya mahali na tarehe mionzi ilipotolewa.

Kwa weusi wa aina ya kwanza napendekeza “eneo lisilomeza”. Ni refu kuliko “doa”, lakini halimwambii mgonjwa kuwa ana uvimbe kabla ya daktari kuuona.