Mcheza Kwao Hutunzwa: Haki katika Upangaji wa Ratiba ya Ligi ya Raga

Utangulizi

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Methali hii huhusishwa na uwanja wa ngoma, lakini ukweli wake hudhihirika pia katika uwanja wa michezo. Timu inayocheza nyumbani hulala kwenye vitanda vyake, huijua nyasi ya uwanja wake na hushangiliwa na watu wake. Iwapo kucheza kwao ni faida, basi anayeamua nani acheze kwao, lini na dhidi ya nani, huwa anagawa faida hiyo. Makala haya yanaeleza jinsi ratiba ya ligi inavyopangwa, mahali ambapo haki huweza kupotea, na kwa nini suala hili huigusa kwa namna ya pekee timu ya Kisiwa cha Mvita.

Hesabu ya Msingi

Kombe la Kenya, ambalo ndilo ligi kuu ya raga ya wachezaji 15 nchini, kwa misimu mingi limeshirikisha timu 12. Timu 12 zikikutana mara moja moja, hupatikana mechi 66, nazo huchezwa katika raundi 11. Zikikutana nyumbani na ugenini, mechi huwa 132 na raundi 22. Mbinu ya kale ya kuzipanga ni ile ya duara: timu moja huwekwa mahali pamoja bila kusogezwa, nyingine zote huizunguka nafasi moja kila raundi. Kwa mfano, timu sita A, B, C, D, E na F zikianza kwa A na F, B na E, C na D, raundi ya pili itakuwa A na E, F na D, B na C. Baada ya raundi tano kila timu huwa imekutana na nyingine zote, wala hakuna jozi iliyorudiwa. Timu zikiwa witiri, huongezwa timu ya kubuni, na inayopangiwa nayo hupumzika.

Hadi hapo kazi ni nyepesi. Ugumu huanza linapoulizwa swali la nani awe mwenyeji.

Mipaka ya Usawa

Ligi ya mzunguko mmoja yenye raundi 11 haiwezi kugawa wenyeji sawasawa, kwa kuwa 11 haigawanyiki kwa mbili. Timu sita zitakuwa wenyeji mara sita na sita nyingine mara tano. Aidha, timu inayowapokea vigogo kwao na kuwatembelea wanyonge huwa na msimu tofauti kabisa na ile iliyopangiwa kinyume chake.

Hata kupishanisha nyumbani na ugenini kila wiki hakuwezekani kwa wote. Mpishano kamili una namna mbili tu: kuanza nyumbani au kuanza ugenini. Timu mbili zenye namna moja huwa nyumbani siku zilezile na ugenini siku zilezile, hivyo haziwezi kukutana kamwe. Kwa hiyo, katika timu 12 ni mbili tu zinazoweza kupata mpishano usiokatika. Kila moja ya zile 10 zilizobaki lazima icheze nyumbani, au ugenini, mara mbili mfululizo angalau mara moja.

Ligi za kulipwa nazo hazijaepukana na tatizo hili. Ligi ya Australia ya raga ya wachezaji 13, iliyofikia timu 17 mwaka 2023, ilimpangia kila mshiriki mechi 24, ilhali mzunguko kamili wa nyumbani na ugenini ungedai mechi 32. Maana yake ni kwamba timu moja hukutana na bingwa mara mbili na nyingine mara moja. Ni dhahiri kwamba usawa mkamilifu haupatikani. Kinachopatikana ni kugawana upungufu.

Safari ya Mvita

Mombasa RFC, ambayo imewahi kushiriki Kombe la Kenya, hucheza katika uwanja wa Mombasa Sports Club, klabu iliyoasisiwa mwaka 1896 na isiyo mbali na Mji wa Kale. Klabu nyingi za raga nchini ziko Nairobi. Timu ya Nairobi yaweza kuandikiwa “ugenini” na bado wachezaji wake wakalala makwao usiku uleule. Kwa timu ya Mombasa, ugenini ni takribani kilomita 480 za kwenda na nyingine 480 za kurudi. Mechi tano za ugenini, hata zikiwa zote Nairobi, ni kilomita 4,800. Na safari ya Kakamega hupita kilomita 800 kwa upande mmoja. Katika karatasi, neno ugenini ni moja kwa wote, barabarani, halilingani.

Katika kandanda, timu huweza kuunganisha mechi mbili za bara katika safari moja, Jumatano na Jumapili. Raga haikubali njia hiyo kwa urahisi: mwili unaopigwa kumbo kwa dakika 80 huhitaji siku kadhaa za kupona, na wachezaji wengi ni wafanyakazi au wanafunzi wanaotakiwa Jumatatu kazini au darasani. Timu ikishindwa nauli, mpinzani hupata pointi za mezani. Hapo hudhurika hata timu ya tatu iliyozitolea jasho pointi kama hizo.

Majira na Kalenda

Hali kadhalika, kuna jua na kuna ibada. Miezi ya Januari hadi Machi ni ya joto kali pwani. Mwezi wa Ramadhani nao hurudi nyuma kwa takribani siku 11 kila mwaka: mwaka 2024 ulianza katikati ya Machi, na mwaka 2025 mwanzoni mwa Machi. Mpangaji anayetumia tena kalenda ya mwaka jana huweza kumpa mchezaji aliyefunga mechi ya saa nane mchana. Mechi ikianza saa kumi jioni, humalizika kabla ya magharibi, naye akawahi kufuturu.

Hitimisho

Ratiba ya haki ina alama zinazotambulika. Namba za timu hutolewa kwa kura mbele ya wote. Aliyekuwa mwenyeji msimu huu huwa mgeni wa mpinzani yuleyule msimu ujao. Safari ndefu hazifuatani, na gharama zake huchangiwa na ligi nzima. Mechi za raundi ya mwisho huanza saa moja. Somo hilo lilitoka Gijón mwaka 1982, pale Ujerumani Magharibi na Austria zilipocheza zikijua matokeo ya Algeria ya jana yake, na bao 1–0 likazivusha zote mbili huku Algeria ikitolewa.

Methali haisemi kwamba mcheza ugenini aonewe. Mcheza kwao na atunzwe. Wajibu wa ratiba ni kuhakikisha kwamba kila mmoja ana zamu ya kucheza kwao, na kwamba njia ya kwenda kwa wenzake haimmalizi kabla ya kufika.