Kipokeo Kilichonirudia

Mwaka jana, katika mwezi wa Shaabani, nalikwenda Amu kumzuru dada yangu. Jioni tulipokuwa tumekaa barazani tukinywa kahawa tungu kwa kashata, alitoka ndani mwanawe wa kike, aliyeolewa miaka miwili nyuma, akanishika mkono akaniamkia. Nikamwona kuwa ni mja mzito. Nikamuuliza, kama aulizavyo mjomba ye yote, kama amekwisha kwenda kliniki na kama amedungwa ile sindano ya pepopunda. Akacheka, akageuza uso upande. Kisha akasema: "Mjomba, si wewe uliyetuusia? Sindano ina ya ndani, mama tahadhari nayo."

Kahawa ilinipalia.

Maneno hayo ni yangu. Ni kipokeo cha shairi la beti nane nililolitunga kwa usiku mmoja mwaka 2014, na sina wa kumsingizia. Msomaji atakumbuka kuwa mwaka huo Serikali ya Kenya ilikuwa ikiwadunga chanjo ya pepopunda wanawake wa miaka 14 hadi 49, na maaskofu wa Kanisa Katoliki wakatoa tamko kuwa chanjo hiyo imetiwa homoni ya kuwazuia wanawake wasishike mimba. Wizara ya Afya ikakanusha, na Shirika la Afya Duniani na UNICEF wakakanusha pia. Mimi ni Mwislamu na maaskofu si masheikh wangu, lakini uvumi hauna dhehebu. Uliingia misikitini kama ulivyoingia makanisani, na mimi nikaupokea kwa mikono miwili kwa sababu ulikuwa na utamu wa kutungika. Sikumwuliza daktari wala muuguzi. Nililisoma shairi lile usiku wa mkesha wa harusi, watu wakapiga makofi, na wanawake waliokuwa ndani wakakichukua kipokeo wakaenda nacho.

Chuoni, nikiwa na miaka tisa, niliihifadhi Suratul Hujurat, ile ambayo ndani yake tumeamrishwa tukiletewa habari na mtu asiyeaminika tuipambanue kwanza, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Maalimu wangu alikuwa akitupiga kwa mkwaju tukikosea herufi moja ya aya hiyo. Herufi sikuikosea.

Basi jioni ile sikuweza kumkemea binti. Nilimwomba akae, nikamwambia aniulize yote aliyoyasikia, moja baada ya jingine, nami nitamjibu ninayoyajua sasa, maana tangu mwaka ule nilikuwa nimekwisha kusoma na kuuliza, nikajua nilikokosea, ila sikuwa na ujasiri wa kurudi barazani kusema.

Swali lake la kwanza ndilo lililonishika mimi pia zamani: kwa nini wanawake peke yao, na kwa nini wa umri wa kuzaa? Kwa nini wanaume waachwe?

Nikamwambia kwamba wanaume hawakuachwa. Kila mtoto wa Kenya, mume kwa mke, hudungwa chanjo ya pepopunda akiwa na wiki 6, kisha wiki 10, kisha wiki 14, ikiwa imechanganywa na chanjo nyingine katika bomba moja. Askari wa Marekani walidungwa katika Vita Vikuu vya Pili, nao waliporudi kwao walizaa hata nchi ikajaa watoto. Mwanamke huongezewa kwa sababu ana mtu wa pili ndani yake. Kinga anayoipata mama hupita kwenye kondo ikamwingia mtoto, na mtoto anazaliwa akiwa amekwisha kukingwa kabla wembe haujagusa kitovu chake.

Hapo dada yangu, aliyekuwa kimya muda wote, akasema: "Mwambie habari ya ndugu yetu."

Kabla yangu mamangu alizaa mtoto wa kiume. Alizaliwa salama, akanyonya siku tano vizuri. Siku ya sita akakataa titi, si kwa kushiba, bali kinywa kilikuwa kimefunga kisifunguke. Kisha mwili ukakakamaa, mgongo ukapinda kama uta, na kila alipoguswa au mlango ulipogongwa alishtuka na kukaza zaidi. Watu wakasema ni pepo. Babangu akaandika kombe kwa zafarani, akanyweshwa kwa tone tone, akavishwa hirizi. Siku ya tisa akafa. Mamangu, Mungu amrehemu, alikuwa akituhadithia habari hiyo kila alipoona punda akipita uchochoroni, nasi tukidhani anachanganya mambo.

Hakuwa akichanganya. Jina lenyewe la pepopunda lina pepo na lina punda ndani yake, na siwezi kueleza wazee waliunga maneno hayo kwa njia gani, lakini walilenga karibu. Kijidudu cha ugonjwa huo hukaa mchangani na katika kinyesi cha wanyama, punda akiwamo, na kinaweza kulala humo miaka mingi bila ya kufa. Mji wetu wa Amu ni mji wa punda, msomaji unajua. Kitovu kilichokatwa kwa kisu kisichochemshwa, au kilichopakwa majivu na vinginevyo kama ilivyokuwa desturi, ni mlango uliowachwa wazi. Tena ugonjwa huu hauambukizwi na mtu kwa mtu. Ukikaa katikati ya watu elfu waliochanjwa na wewe hukuchanjwa, mchanga ni ule ule. Shirika la Afya Duniani lilithibitisha mwaka 2018 kuwa Kenya imeushinda ugonjwa huu kwa akina mama na watoto wachanga, lakini maana ya kushinda hapo ni kuwa katika kila wilaya wanapatwa chini ya mtoto mmoja kwa kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai. Haina maana kuwa kijidudu kimehama.

Binti alisikiliza, kisha akarudi pale pale: "Lakini ile homoni, mjomba? Watu hawasemi jambo pasipo na jambo."

Kweli, na hapa ndipo ninapowalaumu wale wanaojibu uvumi kwa kusema "ni uongo" tu kisha wakanyamaza. Uvumi huu una punje ya kweli, na asiyeionyesha punje hiyo ataonekana yeye ndiye mwongo. Kuanzia miaka ya 1970 mwanasayansi mmoja wa India, G. P. Talwar, alikuwa akitafuta chanjo ya kupanga uzazi. Alichukua kipande cha homoni ya mimba, ile ile ambayo kipimo cha mimba huitafuta katika mkojo, akakifunga pamoja na dawa ya pepopunda ili mwili uione homoni kuwa ni adui na kuipinga. Mwaka 1994 yalichapishwa matokeo ya majaribio kwa wanawake 148. Chanjo ilifanya kazi kwa kiasi, lakini kinga yake ilikuwa ikishuka baada ya muda, na uzazi ukirudi. Hayo yote yaliandikwa hadharani. Aliyesoma haraka akaona pepopunda na kuzuia mimba katika mstari mmoja, akaunga. Katika miaka hiyo hiyo ya 1990 uvumi ulifika Mexico na Ufilipino, na miaka ishirini baadaye ukashuka kwetu. Dawa ya Talwar na dawa ya kliniki ni mbili mbali, kama chai na maji ya moto: maji yamo katika chai, lakini ukinywa maji hujanywa chai.

"Na maabara si waliipata?" akauliza. Nikamwambia chupa zilizopelekwa maabara zilipimwa kwa vipimo vilivyotengenezwa kwa damu na mkojo wa binadamu, si kwa chanjo, na ndani ya chanjo mna vitu vya kuihifadhi vinavyoweza kukihadaa kipimo cha namna hiyo. Ni kupima dhahabu kwa mizani ya makaa. Dada yangu akaingilia kwa njia yake mwenyewe, akaanza kuhesabu kwa vidole wanawake wa mtaani waliodungwa mwaka ule na watoto waliowazaa baadaye. Alipofika mkono wa pili nikamwambia yatosha.

Kisha nikamweleza yale ambayo kliniki mara nyingine hayasemwi kwa sababu foleni ni ndefu. Nikamwambia: mkono utakuuma. Huenda ukavimba na kuwa mwekundu, huenda ukapata homa kidogo, na hayo hukaa siku moja hadi tatu. Ni nadra sana, watu wachache katika kila milioni, kupata maumivu makali ya mishipa ya bega yanayokaa muda mrefu. Na ni nadra kama hivyo mtu kufura na kukatika pumzi mara tu baada ya kudungwa, ndiyo maana muuguzi hukwambia ukae kwanza usikimbilie nyumbani, naye ana dawa ya jambo hilo mkononi. Ugonjwa wenyewe hauwezi kukupata kwa sindano hiyo, maana ndani yake hamna kijidudu kilicho hai, mna sumu yake iliyovunjwa makali.

Akasema kwa sauti ndogo kuwa kusema kweli anaogopa maumivu pia. Nikamsimulia habari ya Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali ya Marka, mji wa Benadiri ulio pwani moja na sisi. Wafanyakazi wa hospitali walichanjwa ndui, naye akahepa kwa kuogopa uchungu, akaenda akijishika mkono kama aliyekwisha kuchanjwa. Oktoba 1977 aliwaonyesha njia watu waliokuwa na gari lenye watoto wagonjwa wa ndui, safari fupi mno, akaambukizwa. Akapona, naye akawa mtu wa mwisho duniani kupata ndui kwa njia ya kawaida. Baadaye alifanya kazi ya kuwahimiza Wasomali wenzake wawapatie watoto chanjo ya polio, akiwaeleza kosa lake mwenyewe, na alikuwa katika kazi hiyo Julai 2013 malaria ilipomwua. Binti alinitazama kwa muda, akaona, nadhani, kwa nini mtu huyo ananipendeza.

Alikwenda kliniki siku ya tatu. Usiku akaniletea salamu kwa simu: "Mjomba, mkono umevimba." Nikamjibu: "Nilikwambia." Sindano ya pili iliangukia Ramadhani, baada ya wiki nne, akauliza kama itamfunguza. Masheikh wengi wa zama hizi wasema sindano isiyo ya lishe haifunguzi, nami nikamwambia hivyo, nikamwongezea kuwa yeye kwa hali yake ana ruhusa hata ya kula. Alizaa katika Mfungo Tatu, mtoto wa kiume. Siku ya sita dada yangu hakulala, alikaa akimtazama kinywa. Mtoto alinyonya mpaka asubuhi.

Nimetunga shairi jingine. Kipokeo chake ni "Sindano uliza kwanza, kisha mkono utoe," na nililisoma katika baraza ile ile, nikaungama mbele ya watu kuwa la kwanza lilikuwa kosa. Walinisikiliza kwa adabu. Mwezi uliopita nilialikwa harusini, na nilipokuwa nikipita nyuma ya nyumba nikasikia wanawake jikoni wakiimba huku wakikuna nazi. Nilisimama kusikiliza ni lipi. Lilikuwa lile la zamani.