Mbona Maji ya Chumvi Hayagandi Upesi?

Ganda ni jina tu. Maji ya hapa kwetu hayagandi ila ndani ya friji. Kwa hiyo tulipotaka kuwaonyesha watoto wa darasani habari ya chumvi na barafu, ilibidi tumwombe mwenye duka nafasi katika friza yake.

Tulichukua vikopo vitatu, kila kimoja maji nusu gilasi. Cha kwanza hatukutia kitu. Cha pili tulitia kijiko kimoja cha chai cha chumvi, cha tatu vijiko vitano, tukakoroga mpaka ikayeyuka. Baada ya saa nne hivi, cha kwanza kilikuwa jiwe. Cha pili kiliganda laini, kinabonyea. Cha tatu maji vilevile, lakini baridi yake wee!

Sababu ni kwamba maji yakipoa sana, chembe zake hujipanga zikashikana, ndiyo barafu. Chumvi huingia katikati ikazuia, basi hutakiwa baridi zaidi. Maji matamu huganda kwenye nyuzi 0 za Selsiasi. Ya bahari, karibu nyuzi 2 chini ya sifuri.

Hapo mtoto mmoja akauliza: "Mbona babu humwagia chumvi barafu ya samaki ili ikae?" Wenzake wakacheka, tukawanyamazisha. Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Magamba kule Tanzania, naye alichekwa aliposema maziwa ya aiskrimu aliyoyaweka mwaka 1963 yangali moto yaliganda kwanza. Mwaka 1969 jambo lake likachapishwa katika jarida la fizikia, pamoja na Dkt. Denis Osborne, na wataalamu wanabishana hadi leo.

Basi tukajaribu. Sufuria mbili za barafu iliyopondwa, moja tukaitia chumvi. Yenye chumvi iliyeyuka kwanza, na kumbe nje yake umande uliganda! Barafu ikiyeyuka huvuta joto la vitu vilivyo karibu. Ukitia chumvi sehemu moja kwa barafu sehemu tatu, baridi yaweza kushuka hadi nyuzi 21 chini ya sifuri. Kikopo cha maji ya ukwaju tulichochomeka humo kiliganda, na hakikumaliza dakika mbele ya watoto.

Kwa hiyo babu hakukosea kabisa: chumvi huongeza baridi. Lakini barafu huisha upesi, na samaki bado wako njiani kutoka Malindi, jua la saa saba. Ndugu mchuuzi, barafu uliyoinunua kwa pesa usiimwagie chumvi. Iponde, itandaze chini, kati na juu ya samaki, funika kwa gunia, na toboa tundu maji yatoke. Chumvi iweke kwa ng'onda.