Sehemu katika hesabu (2): Tuanze na mstatili

Wiki iliyopita tuliona kwamba sehemu ni namba moja, ingawa huandikwa kwa namba mbili. Mtoto asiyeling'amua hilo akiambiwa ajumlishe 1/2 na 1/3 atajumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, apate 2/5. Kosa hili limeenea mbali. Katika upimaji wa kitaifa uliofanyika Marekani mwaka 1978, wanafunzi wa miaka 13 waliulizwa wakadirie jumla ya 12/13 na 7/8, wachague kati ya 1, 2, 19 na 21. Kila sehemu hapo inakaribia 1, kwa hiyo jibu ni 2. Waliolipata ni asilimia 24 tu. Zaidi ya nusu walichagua 19 au 21. Umri huo kanuni walikwisha kufundishwa. Walichokosa ni picha ya ukubwa wa namba zenyewe.

Picha hiyo, kwa maoni yangu, ijengwe kwa mstatili kabla ya duara lililozoeleka vitabuni. Duara hukatwa kutoka katikati kwenda ukingoni, na kulipasua vipande 5 au 7 vilivyo sawa kwa mkono ni kazi hata kwa mwalimu. Mstatili unakatika wima na mlalo kwa pamoja. Katika daftari la hesabu lenye viboksi, mtoto achore mstatili wa viboksi 3 kwa 2. Nusu yake ni safu moja ya mlalo, viboksi 3. Theluthi yake ni safu moja ya wima, viboksi 2. Kwa kuwa safu hizo hukutana kwenye kiboksi kimoja, ni vizuri achore mistatili miwili iliyo sawa, apake rangi nusu huku na theluthi kule, kisha ahesabu: 3/6 na 2/6 ni 5/6. Asili 6 imejitokeza yenyewe, na mtoto anaona kwamba 2/5 haiwezekani kwa kuwa ni ndogo kuliko hata ile nusu aliyoanza nayo. Kile kiboksi cha makutano nacho kina kazi: ndicho nusu ya theluthi, yaani 1/2 × 1/3 = 1/6. Hapo inaonekana kwa nini kuzidisha sehemu kunaweza kupunguza, jambo linalowatatiza wengi.

Wapo watakaosema kanuni ya kigawe kidogo cha shirika inatosha, tena haichukui muda. Kwa mtihani wa wiki hii huenda. Lakini mtoto aliyeisahau nusu njia hana pa kurudi, ilhali aliyechora anaweza kuibuni upya. Pingamizi zito zaidi ni la 5/4: mwanafunzi huchora mistatili miwili, kila mmoja vipande 4, apake 5, kisha aseme ni 5/8. Hatari hiyo ni ya kweli, na dawa yake ni kuandika "1" juu ya kila mstatili kabla ya kukata chochote. Wanaopendelea mstari wa namba nao wana hoja, kwani huo huonyesha vizuri sehemu zinazozidi 1. Basi uje baada ya mstatili: upana ukipunguzwa hadi kubaki utepe, alama za mikato ndizo zitakazokuwa alama za mstari.

Kugawanya sehemu kwa sehemu, ambako mstatili unahitaji uangalifu zaidi, tutakuangalia wiki ijayo.