Kwa Nini Kompyuta Ikibanwa Hugawa Kete

Msomaji mmoja wa Morogoro ameniandikia kuhusu drafti ya kwenye simu. Anasema mchezo ukiwa sawa, programu humsumbua vilivyo. Lakini akishaitega vizuri inageuka ghafla: inaanza kumsukumia kete mojamoja azile, bila sababu yoyote anayoiona, mpaka inabaki uchi. Anauliza kama watengenezaji wameitia huruma ili wateja wasikate tamaa. Si huruma. Ni ugonjwa wa zamani, wenye jina na historia, na kwangu mimi hakuna ugonjwa mtamu kuliko huu katika sayansi ya michezo ya zamu.

Wapenzi wa michezo mikubwa ya vita na himaya watasema nimewapunja. Kweli, tangu Civilization V ya mwaka 2010 ilipoamuru kila kigae kikaliwe na kikosi kimoja tu cha kivita, majeshi ya kompyuta yamekuwa yakizibiana njia, wapiga mishale wakijikuta mbele ya wenye mapanga. Na ngazi za juu za ugumu hazikuiongezea kompyuta akili, ziliiongezea mali: inaanza na vikosi zaidi na kuzalisha kwa unafuu. Wapenzi wa Go nao watanikumbusha mwaka 2023, Kellin Pelrine wa Marekani, mchezaji wa ridhaa, alipoifunga programu kali ya KataGo michezo 14 kati ya 15 kwa ujanja wa kuizungushia duara kubwa. Hayo yana siku yake. Mimi nabaki kwenye drafti, ambako mashine inatazama mbele kwa bidii na kosa linazaliwa ndani ya kule kutazama.

Kwamba kompyuta hujaribu kila hatua, kisha kila jibu, kisha kila jibu la jibu, mnajua. Tatizo ni matawi kuzaana. Katika sataranji, penye hatua kama 35 za kuchagua kila zamu, hatua nne tu huzaa mikao kama milioni 1.5. Lazima basi pawe na mahali pa kusimama. Mtengenezaji anaiambia: tazama hatua nane, simama, hesabu kete za kila upande, amua.

Sasa weka mtego. Umezipanga kete zako hivi kwamba ifikapo hatua ya nane utakula tatu kwa mkupuo. Kompyuta inaiona hasara hiyo ukingoni kabisa mwa uoni wake. Inatafuta njia ya kuikwepa, na inaipata: inakusogezea kete moja ya bure. Kwenye drafti kula ni lazima, upende usipende, kwa hiyo unakula. Hatua mbili zimetumika, yake na yako, na zile tatu sasa zitaliwa hatua ya kumi. Ya kumi haionekani. Katika hesabu za kompyuta, hasara ya kete tatu imefutika na mahali pake imekaa hasara ya kete moja. Biashara nzuri mno!

Zamu yake inarudi. Inatazama upya hatua nane kuanzia hapo ilipo, na lo, hasara ya kete tatu iko hatua ya nane. Inatoa kete nyingine. Unakula. Inatazama, bado ipo. Inatoa ya tatu. Imeshalipa kete tatu ili isipoteze tatu, na zile tatu bado zinakungoja. Ikiishiwa za kutoa utazikomba zote, na nusu ya jeshi lake la kete 12 itakuwa mfukoni mwako. Wala haikukosea kujumlisha hata mara moja. Kila uamuzi, ukiupima kwa kipimo cha hatua nane, ulikuwa sahihi. (Kuna siku kuchelewesha kunasaidia kweli, kete iliyotolewa ikavuruga mtego. Tuliache hilo.)

Aliyewahi kunaswa na mikopo ya kausha damu hahitaji maelezo zaidi, ila nitaendelea, maana mfano huu unaingia kila kona. Mchuuzi ana deni la kulipa tarehe 30, na daftari lake la hesabu linaishia tarehe 30. Anakopa kwa mwingine, marejesho tarehe 5 ya mwezi ujao, ada anakatwa palepale. Analipa la kwanza. Daftari linasemaje? Deni limeondoka, gharama ni ada tu. Tarehe 1 anafungua ukurasa mpya na deni hili hapa, tena limenona. Anakopa kwa wa tatu kumlipa wa pili, kwa wa nne kumlipa wa tatu, na kila ukurasa, ukiusoma peke yake, unamwonyesha mtu mwenye busara aliyekwepa balaa kwa gharama ndogo. Ada ndiyo ile kete ya bure. Mkopeshaji anayepokea malipo na kunyamaza kwa muda ndiye wewe unayelazimika kula. Na hapa ndipo mfano unaponogea: kumnunulia daftari nene hakumponyi. Mpe la miezi mitatu, atatafuta mkopo wa miezi minne. Kadhalika kompyuta. Iongezee nguvu ione hatua 12, itaisukuma hasara hadi ya 14.

Aliyeupa ugonjwa huu jina ni Hans Berliner wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, mwaka 1973. Kabla ya hapo alikuwa bingwa wa dunia wa sataranji ya barua, ambayo mchezaji hupewa siku kadhaa kufikiria hatua moja. Sishangai kwamba mtu wa namna hiyo ndiye aliyeinusa dosari hii. Alitumia picha ya ule mstari wa mbali ambapo bahari hukutana na mbingu. Ningeweza kuandika “athari ya upeo” nikaendelea na safari, lakini upeo kwetu ni kilele pia, na msomaji angedhani mashine imefikia ubora wake wa mwisho. “Athari ya upeo wa macho” ni ndefu na inanuka ofisi. Nashika upofu wa upeoni, mpaka Baraza la Kiswahili linikataze.

Upofu huu ulimgharimu Jonathan Schaeffer wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, mbele ya Marion Tinsley. Tinsley alikuwa mwalimu wa hisabati wa Florida, na kwa zaidi ya miaka 40 michezo ya drafti aliyopoteza haikufika 10. (Drafti yao ni ya Kiingereza, kingi hairuki mbali kama ya kwetu.) Mwaka 1990 programu ya Schaeffer, Chinook, ilicheza hatua yake ya kumi, na papo hapo Tinsley akamwambia Schaeffer kwamba ataijutia. Hatua 26 baadaye Chinook ilibwaga manyanga. Schaeffer alipouchambua mchezo ule baadaye, alikadiria kwamba kuuona ushindi kutoka pale kulihitaji kutazama hatua 64 mbele. Sidhani Tinsley alizihesabu. Alijua tu kwamba mkao wa namna ile hauna maisha.

Dawa zipo. Claude Shannon alionya tangu 1950 kwamba kete zisihesabiwe katikati ya kulana. Hesabu ifanywe mchezo ukishalala, kama wasemavyo watu wa bao. Deep Blue, kompyuta ya sataranji iliyomshinda Garry Kasparov mwaka 1997 ikipima mikao kama milioni 200 kwa sekunde, ilirefusha utafutaji wake kila palipokuwa na jibu moja tu la maana. Na Schaeffer alilipiza kisasi kwa njia ya kikatili kuliko zote: kufikia 2007 alikuwa na majibu ya mikao yote yenye kete 10 au pungufu, trilioni 39, na kwa msaada wake akathibitisha kwamba pande zote zikicheza bila kosa, drafti ile huisha sare. Simu ya msomaji wangu haibebi mzigo huo.

Ila si kila zawadi ni upofu. Toronto, 1977, mashindano ya dunia ya kompyuta za sataranji: Kaissa ya Wasovieti, bingwa wa 1974, ilikuwa inacheza na Duchess ya Marekani. Katika hatua ya 34 malkia wa Duchess alimshambulia mfalme wa Kaissa. Kila mtu alitegemea mfalme asogee pembeni. Kaissa ikaingiza ngome katikati, iliwe bure. Ukumbi mzima, akiwemo Mikhail Botvinnik aliyewahi kuwa bingwa wa dunia, uliona programu imeharibika. Mchezo ulipokwisha, na Kaissa imeshindwa, waliirudisha kwenye mkao uleule na kuilazimisha kumsogeza mfalme. Ikawaonyesha: Duchess ingemtoa malkia wake mhanga, na hatua chache baadaye mfalme angekwama. Ngome ilitolewa kuahirisha kifo hicho. Binadamu angeweza kumsogeza mfalme hivyo hivyo na kubahatisha, kwa kuwa pale ukumbini hakuna aliyekuwa ameona kitu. Kaissa haikuwa na namna ya kubahatisha. Ilikuwa imeandikwa iamini kwamba mpinzani huona kila inachokiona yenyewe.