Mantiki ya Viwango na Wajibu wa Kuamua

Katika vikao vyetu mara nyingi tunaulizana: je, kaya hii ina upungufu wa chakula au haina? Swali hilo linadai jibu la ndiyo au hapana. Lakini hali ya maisha haigawanyiki hivyo. Tukiamua kwamba wenye akiba isiyozidi miezi mitatu ndio wahitaji, mwenye akiba ya miezi mitatu na siku moja ataachwa, ingawa hali yake na ya jirani yake ni moja.

Mwaka 1965 Lotfi Zadeh, mzaliwa wa Baku aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alitoa nadharia ya kukabili tatizo hili. Sisi tutaiita mantiki ya viwango. Mantiki ya kale inakubali thamani mbili tu: 0 kwa uongo na 1 kwa ukweli. Mantiki ya viwango inakubali pia thamani zote za katikati. Lakini tusichanganye kiwango na uwezekano. Uwezekano huuliza kama jambo litatokea. Kiwango huuliza jambo lililopo limefikia kiasi gani.

Nadharia hii imepimwa katika kazi. Mwaka 1975 Ebrahim Mamdani, aliyezaliwa Tanzania mwaka 1942, pamoja na mwanafunzi wake Assilian, walichapisha matokeo ya majaribio waliyofanya London. Waliongoza injini ndogo ya mvuke kwa kanuni za maneno ya kawaida, za namna hii: kanieneo ikiwa chini kidogo na inazidi kushuka, ongeza moto kiasi. Mwaka 1987 treni za chini ya ardhi za Sendai, Japani, zilianza kuendeshwa kwa mantiki hiyo. Hapa tunapata fundisho: ujuzi wa mtu wa kazi, ausemavyo mwenyewe, unaweza kuingia katika hesabu.

Turudi kijijini. Tuseme akiba ya miezi 6 au zaidi ni upungufu wa 0, na akiba ya miezi 2 au chini yake ni upungufu wa 1. Basi mwenye miezi 4 ana 0.5, na mwenye miezi 3 ana 0.75. Tuseme pia ubaya wa barabara ni 0.6. Kanuni yasema: chakula kikiwa kidogo na barabara ikiwa mbaya, peleka msaada mapema. Kwa neno "na", huchukuliwa thamani iliyo ndogo. Kaya ya kwanza inapata 0.5 na ya pili 0.6. Sasa tunajua pa kuanzia, wala hakuna aliyefutwa.

Hata hivyo, tujihadhari. Nani alipanga miezi 2 na 6? Na kwa kanuni hiyo hiyo, kaya isiyo na chakula kabisa, lakini iliyo kando ya barabara nzuri, itapata 0. Hesabu haikukosea, waliotunga kanuni ndio waliokosea. Kwa hiyo viwango na kanuni vijadiliwe hadharani na wale wanaoijua njaa yenyewe, na virekebishwe kila msimu. Mantiki hii si ruhusa ya kusema mambo nusunusu, wala haimwondolei kiongozi wajibu wake. Inamtaka aseme wazi anapima nini, kwa kipimo gani, na kwa nini.